Mkate Usiopoa

Tausi alifika Kasongo siku ya soko, amekaa nyuma ya pikipiki na beseni la kukandia unga mapajani. Vumbi lilikuwa limempaka nyusi. Mdogo wangu Clovis alikuja na pikipiki ya pili, anacheka mwenyewe. Alikimbia vita vya Kongo angali mtoto, akakulia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, akajifunza kuoka mikate huko, akaoa huko huko. Sasa alikuwa anarudi kwao na mke mgeni mwenye mimba.

"Shikamoo, wifi," Tausi aliniambia.

Wenzangu wa meza za samaki wakavu waligeuka wote. Sisi tunasalimiana jambo, basi. Niliitikia ovyo ovyo, tukacheka, na tangu siku hiyo nikampenda. Mimi Ernestine si mwepesi wa kupenda mawifi, yeyote sokoni atakwambia.

Hakuja kulelewa. Jioni ile ile aliniuliza, "Wachimbaji wa Lusangi wakienda machimboni asubuhi, wanakula nini?"

"Muhogo wa jana."

"Na mkate?"

"Mukate unatoka hapa Kasongo. Ukifika kule, unaweza kupigilia musumari."

Akatabasamu. Nyumba ya marehemu bibi yetu ilikuwa Lusangi, tupu. Wakaenda.

Nyuma ya nyumba ile kuna kichuguu kikubwa. Juu yake palikuwa na vigae vya vyungu, vingi, vimepangwa kwa mikono ya watu. Aliyekulia Lusangi havigusi. Clovis hakukulia Lusangi. Kambini walimfundisha kwamba udongo wa kichuguu ndio unaostahimili moto, na ukiponda vigae ukavichanganya humo, tanuru halipasuki. Alipoona vyote viwili mahali pamoja, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, alimshukuru Mungu kwa sauti. Aliniambia hivyo kwa simu, na mimi, ambaye sikukulia Lusangi pia, nikamwambia amina.

Tanuru lilisimama zuri, la mviringo, na mlango mdogo kifuani. Mikate ikatoka. Wachimbaji walikuwa wanapanga foleni kabla jua halijatoka, na Tausi akapata jina, Mama Mukate. Kwa mgeni, kupewa jina ni kupewa kiti. Nilifurahi mno.

Mimba yake ilipokuwa nzito nikaenda kumsaidia. Asubuhi ya kwanza nilisimama karibu naye akitoa mikate kwa koleo la mbao. Yote ilikuwa mirefu, alivyoikanda. Koleo lilipofika nyuma kabisa, likatoa mmoja wa mviringo, mdogo kama ngumi ya kitoto.

"Huo umeukanda lini?" nikamuuliza.

"Sijaukanda, wifi. Kila siku unatokea."

Nikamwambia ni kipande cha unga kilichoanguka. Niliuchukua, nikauweka dirishani. Jioni mikate iliyobaki ilikuwa imepoa na kuanza kukauka. Ule ulikuwa na joto bado. Si joto la moto. Joto la kwapani.

Kesho yake niliwatupia kuku. Hawakuudonoa. Mmoja aliusogelea, akajikunja, akaulalia.

Mimi si mtu wa kuamini kila linalosemwa sokoni. Lakini macho yangu ni mazima. Kila asubuhi mkate ule ulitoka mkubwa kuliko wa jana. Na kila asubuhi Tausi alizidi kukaza kitenge chake kiunoni, kwa sababu kilikuwa kinalegea. Tumbo lilikuwa linapungua. Hakuumwa, hakutoka damu, alikula vizuri. Lilipungua tu, kama maji kwenye mtungi unaovuja.

Tulimwita Yvette, mkunga. Akaweka pembe yake ya kusikilizia tumboni, akasikiliza. Akaihamisha. Akaihamisha tena.

"Moyo unapiga," alisema. "Lakini iko mbali."

"Mbali wapi?" nikauliza.

"Sijui, mama. Sawa vile mutoto iko katika nyumba ya jirani."

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Albertine. Siku tanuru linajengwa yeye alikuwa safarini kule Wamaza, anamuuguza binti yake. Alirudi wiki ile, bado ana kikapu mgongoni, akapita kwanza kule kwenye kichuguu. Tulimwona akisimama kwenye shimo alipochota udongo Clovis. Kisha akaja moja kwa moja hadi kwenye tanuru, akaweka kiganja juu ya udongo, akalia bila sauti.

Clovis alimletea kiti. Hakukaa.

"Mutoto wangu," alimwambia, "ni nani alikuambia uchimbe pale?"

"Hakuna mutu, mama. Ni udongo tu."

"Hapana. Pale tunalaza watoto waliozaliwa bila kulia. Hatuwaziki na watu wakubwa. Tunawalaza, tunavunja chungu juu, tunawaambia, mulale, nyumba hakuna tena. Na wanalala." Akageuka akakitazama kichuguu. "Wangu wa kwanza iko pale."

Tausi alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Sasa mumewapatia nyumba," Albertine akanong'ona. "Iko na moto, iko na mulango. Mutoto akipata nyumba, anaita wenzake waje kucheza."

"Basi mi navunja," alisema Clovis.

"Ukivunja, watatoka wote pamoja. Wangu na wako. Nani atawatenganisha?"

"Tuzime moto basi, mama," nikasema mimi.

"Jaribuni."

Tulizima. Jua lilikuwa la utosini, mbuzi walikuwa wamejificha kivulini, na Tausi akaanza kutetemeka kwa baridi. Midomo ikawa ya rangi ya majivu. Tulimfunika vitenge vyote vya nyumbani. Nikaweka mkono tumboni. Kimya. Nikasubiri. Kimya.

Clovis akakimbia kuwasha kuni. Moshi ulipopanda, mtoto akapiga teke. Nilisikia teke lile chini ya mkono wangu. Clovis, kule nje, alilisikia kwenye ukuta wa tanuru.

Tukaelewa kwamba tumefungwa. Tulijaribu kumpeleka Kasongo hospitali kwa pikipiki. Kadiri tulivyouacha moshi nyuma, ndivyo tumbo lilivyozidi kuwa baridi na gumu, hata tulipofika kwenye daraja la kwanza Tausi mwenyewe akamgonga dereva begani. "Rudi," alisema. "Kaka, tafadhali, rudi." Padri alikuja akasali. Shehe alikuja akasoma, maana Tausi ni Mwislamu. Wote wawili walisali vizuri, na mimi niliitikia amina kote kote. Walipomaliza, kila mmoja aliaga haraka bila kungoja chai.

Wachimbaji waliacha kununua. Hatukuwaambia kitu, lakini Lusangi habari hailali. Tausi aliendelea kukanda. Alikanda unga wa mwisho, akaoka mikate isiyo na mlaji, kusudi moto usizimike. Nilimwona mara nyingi amechuchumaa mbele ya mlango ule mdogo, anaongea polepole kwa lugha ya kwao. Alikuwa anamsimulia mwanawe Kigoma kulivyo, ziwa, dagaa wa kuanikwa, nyumba ya mama yake. Alikuwa anamvuta arudi. Niliondoka nikaenda kulia shambani, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Wewe ungefanya nini?

Uchungu ulimshika mchana, watu wametoka kula. Yvette alikuja mbio. Alimlaza mkekani, akapima, akanitazama.

"Hakuna kitu cha kushika," aliniambia sikioni. "Uchungu iko, mutoto hakuna."

Tausi alisukuma. Nje, ukuta wa tanuru ukapasuka ufa mmoja, kutoka juu hadi mlangoni.

Alisukuma tena. Ufa ukapanuka.

Nilikimbilia nje. Clovis akachukua jembe. Mama Albertine alikuwa ameshafika kabla yake. Alikumbatia tanuru linalowaka, mikono yote miwili, shavu limegusa udongo. Ngozi ilikuwa inaungua. Nilisikia harufu. Hakuachia.

"Mama, toka," Clovis alimwomba. Alikuwa analia kama mtoto. "Toka, mama."

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo. Iko anapumua."

Ndani ya nyumba Tausi akapiga ukelele. Clovis akainua jembe, akapiga juu, mbali na kichwa cha mama yule.

Tanuru likafunguka.

Na tukasikia kilio. Cha mtoto mmoja. Kilio chenye nguvu, cha mtoto mzima aliyezaliwa salama, mwenye hasira ya kutolewa kwenye joto. Majirani waliosimama barabarani walikisikia. Yvette alikisikia akiwa ndani, akasema "Mungu asifiwe" kabla hajatazama chini.

Kisha kikakatika.

Ndani ya tanuru mlikuwa na majivu tu. Mkekani Tausi alikuwa amelala, tumbo limeshuka, sawa kabisa, kama la msichana. Hakuna damu. Hakuna maji. Kitenge kilikuwa kikavu.

"Amelia," alisema Mama Albertine. Alikuwa amekaa chini, mikono imevimba, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. "Mumesikia? Wangu amelia."

"Ni wangu," Tausi alisema kutoka ndani. Sauti ilikuwa ndogo. "Wifi, waambie. Ni wangu yule."

Niliingia ndani, nikamfunika kitenge. Hata leo sijui mtoto aliyelia alikuwa wa nani.

Clovis aliurudisha udongo kichuguuni kwa ndoo, akavunja chungu kipya juu yake. Mama Albertine alipona mikono na hakuongea tena habari hiyo. Tausi alirudi kwao na beseni lake. Clovis alimsindikiza, na hajarudi. Siwalaumu.

Mimi nilirudi Kasongo kwenye samaki wangu, na kipande kimoja cha ukuta wa tanuru. Nilikiokota kabla ndoo haijakifikia. Upande wa nje ni laini, alivyoulainisha Clovis. Upande wa ndani, ule uliokuwa unatazama moto, kuna alama ya kiganja. Vidole vitano, vimebonyea kwenye udongo uliokwisha kuiva. Siku ile kilikuwa kidogo sana, kidole changu gumba peke yake kiliweza kukifunika.

Nimekifungia katika kitambaa, chini ya kitanda. Ni kikavu, ni kigumu, na ukikishika asubuhi ya baridi kina joto la kwapani. Kuku wangu hawataki kutaga mahali pengine.

Tausi hunipigia simu kutoka Kigoma. Hasalimii tena shikamoo. Hasalimii kabisa. Najua anachongoja, kwa hiyo navuta kitambaa, naweka mkono wangu juu ya alama ile, kiganja juu ya kiganja, huku nikisikia pumzi yake upande wa pili.

"Wifi," ananong'ona, "amefika wapi?"

Na mimi namwambia kweli. Zamani nilikuwa namwambia, kidole gumba. Baadaye nikamwambia, nusu ya kiganja. Safari hii nilimwambia, vidole vyake vimefika kwenye kiungo cha mwisho cha vidole vyangu, na nilipobonyeza, vilibonyeza.