Jina la Buibui wa Lualaba

"Kipanga, unasikia?" redio ilikoroma. "Landrova nyeupe inapita Kingamyambo. Inashika njia ya Kisenge."

"Niko nyuma yake."

Tshilombo, mpelelezi wa usalama aliyeitwa Kipanga redioni, alikanyaga mafuta. Peugeot 404 ikaruka matuta.

"Ile chupa isivuke mupaka ya Angola," redio iliongeza.

Ndani ya chupa hiyo, katika pombe kali, alilala buibui dume mweusi, mpana kama kiganja. Mtafiti Mbelu ndiye aliyemchimbua kandokando ya mto Lualaba. Hakuna kitabu kilichowahi kumtaja. Sheria ya wataalamu ni kwamba jina hutolewa na anayetangulia kuchapisha maelezo, na kielelezo, yaani buibui mwenyewe, huhifadhiwa makumbusho. Profesa Verbeke, Mzungu aliyefanya kazi na Mbelu, alitaka kutangulia. Mlinzi wa maabara alikuwa amemwona akiondoka na chupa.

Hiyo ilikuwa kazi.

Kilichomchoma Tshilombo kilikuwa kingine. Verbeke alimwahidi Mbelu kwamba buibui ataitwa kwa jina lake. Mbelu mwenyewe asingeweza kumpa buibui jina lake, desturi ya wataalamu haikubali. Na Tshilombo, aliyemposa Mbelu akakataliwa, angempa nini cha kushinda hicho?

Landrova ilikwama nyuma ya lori la madini ya manganizi. Akaipita, akaizibia njia.

Bastola ya Browning mkononi.

Wa kwanza kushuka alikuwa Mbelu.

"Kumbe munakimbia bote babili," Tshilombo alisema.

"Kukimbia wapi, tata? Tunaenda Kisenge kutafuta muke wa ule buibui. Dume tuliacha mu labo."

Tshilombo akapekua nyuma ya gari. Chini ya turubai, ndani ya sufuria, akaitoa chupa.

Mbelu aliitazama chupa. Kisha akamgeukia Verbeke, aliyekuwa ameshuka nyuma yake.

"Profesa, njo hii safari ya kutafuta muke?"

"Ningekupa jina," Verbeke alinong'ona.

"Jina kwangu, sifa ya kazi kwako."

Mkono wa Verbeke ukaingia kotini. Tshilombo alikuwa mwepesi zaidi. Kiwiko kimoja, bastola ndogo ya Beretta ikaanguka vumbini, pingu zikalia.

"Kipanga kwa kituo. Chupa nzima. Mukuje kukamata mugeni."

Mbelu aliikumbatia chupa. "Nitaandika mi mwenyewe. Na dume atabakia huku kwetu."

"Utamupa jina ya nani?" Tshilombo aliuliza kama mtu asiyejali.

"Ya Lualaba."

Si Verbeke. Wala si Tshilombo.

Alijikuta akiuonea gere mto.

Akanyoosha kola ya koti lake la abakosti, akavaa miwani yake ya jua na kurudi garini polepole, bila kugeuka.