Ya Nne Ndiyo ya Kwanza

Irine aliingia kwenye banda la Faridu kumtafuta mteja, si kutazama gemu. Begani alikuwa na suruali mbili za kazi alizozitia viraka magotini, na mwenye nazo, mchimbaji aitwaye Matiko, alikuwa amejibanza humo saa nane mchana pamoja na wenzake waliotoka mashimoni. Ulikuwa mwaka ule dhahabu ilipoonekana upande wa Mbalibali, na ndani ya miezi miwili pori likageuka mji wa maturubai, jenereta na vumbi jekundu lililoganda hata kwenye kope.

Mbele ya televisheni mtu mmoja alishika pedi ya kuchezea gemu, akimpandisha steringi, shujaa mwenye upanga, mlima wa barafu. Pembeni alisimama Faridu, mtoto wa wafanyabiashara wa Mugumu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi katikati ya vumbi lote lile, kipaza sauti mkononi. Gemu ilisema Kiingereza. Yeye aliigeuza Kiswahili na kuitia chumvi.

"Malkia amekwisha kufa," alikuwa akisema kwa huzuni. "Mliona kwenye sehemu ya kwanza alivyozikwa. Hii ni ya nne, na steringi anakwenda kulipa kisasi."

"Hajafa," Irine akasema.

Hakukusudia kusikika. Vichwa arobaini vikageuka kumtazama, na gauni lake la kitenge cha njano likawa kama taa mlangoni.

Faridu akashusha kipaza. "Dada, tulimzika hapa hapa. Matiko alilia."

Matiko akasema siku ile alikuwa na mafua.

"Mlimzika, sawa. Lakini sehemu ya nne inatokea kabla ya ya kwanza. Humu malkia bado msichana, hata taji hajavaa. Steringi anampelekea dawa."

Alijua alichokisema. Likizo zote za sekondari alizimalizia Musoma kwa mjomba wake, fundi televisheni, aliyekuwa na sehemu zote saba za gemu hiyo, Taji la Mawio. Irine alizicheza zote, kamusi mapajani. Ubishi ukawaka bandani, na Faridu, badala ya kununa, akawaomba radhi watazamaji wake: malkia yu hai.

Kesho yake akaja kwenye cherehani ya Irine na daftari, akaomba apangiwe mambo yote yalivyofuatana. Irine akampangia huku akikanyaga cherehani. Inaanza ya nne, halafu ya kwanza, halafu ya pili. Mwisho wa ya pili hadithi inagawanyika: kwenye njia moja steringi anashinda, na huko ndiko ziliko ya tatu na ya sita, kwenye nyingine anaanguka, na ya tano inasimulia nchi iliyobaki bila yeye. Ya saba iko njia gani, hata walioitengeneza hawakubaliani.

Faridu akaandika, kisha akafikiri. Alisema ile njia ya kuanguka ataisimulia Jumapili tu, siku ambayo hakuna anayeshuka shimoni. Watu wanaoshushwa mashimoni kwa kamba asubuhi hawana haja ya kuisikia.

Irine akasimamisha cherehani, akamtazama vizuri. Akaanza kumpenda hapo.

Simu zikafuata, kila jenereta ilipopumzishwa.

"Fundi, unashona nini?"

"Mdomo wako."

"Malkia wangu mkali."

"Malkia alizikwa."

"Wangu hajafa. Niliambiwa na mtaalamu."

Jambo moja hawakuligusa. Faridu alikuwa Mwislamu, Irine alibatizwa akiwa mchanga, na kila mmoja alilibeba hilo kimya moyoni.

Alhamisi moja Irine akapita bandani. Ilikuwa sehemu ya saba, pale steringi anapopiga goti mbele ya ikulu na malkia mpya, mrithi wa yule aliyezikwa, anampa maji. Aliijua vizuri. Lakini Faridu alisema taratibu, bila madoido yake ya kawaida, kwamba steringi ameambiwa malkia si wake. "Watu wa kwao wana madhabahu yao, na yeye ana yake. Anaona aibu kuomba. Anageuka, anaondoka."

Wachimbaji wakaguna kwa huruma. Katika banda zima ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba maneno yale hayamo kwenye gemu, na mtu huyo akaamini yametumwa kwake, kwamba Faridu anamwacha kwa ajili ya dini. Irine akarudi kwake, akazima simu, akashona mkono wa blauzi nje ndani.

Siku ya tatu Faridu akaja amebeba mfuko. Alisimama mbali kama mgeni.

"Nimekuja kukupongeza," akasema, akatoa khanga mpya.

"Kwa lipi?"

"Harusi."

"Ya nani?"

"Yako, Irine. Nilikutana na kaka yako Method njiani Jumatano. Alisema dada yake ameposwa, ng'ombe wameshafika."

Irine alimtazama mpaka maneno yakamwingia. "Method ana dada wawili. Aliyeposwa ni Regina, mkubwa wetu."

Faridu akakaa juu ya rundo la nguo za wateja. Irine akacheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Mbele ya watu arobaini hukuogopa."

"Basi nauliza sasa, mimi na wewe tu. Unakubali nikuoe?"

"Mimi nakubali," akasema Irine, akipangusa macho kwa khanga ile ile. "Amebaki baba."

Jumapili wakaenda Mbalibali, nyumbani kwa kina Irine. Baba yake, mzee Selestine, alikuwa uani akimenya mahindi. Faridu akatoa shikamoo, akaitikiwa, akaketishwa kwenye kigoda kifupi, magoti yakamfika kifuani. Akaulizwa kwao, akaulizwa wazazi. Irine alisimama mlangoni na sahani ya viazi, akingoja swali la dini.

"Dini mtaitafutia njia," mzee akasema. "Padri yupo, shehe yupo, nitawasikiliza wote. Mimi nina swali moja. Unashuka mashimoni?"

Mwaka ule kijiji kilikuwa kimebeba vijana wawili kutoka huko, wamefunikwa mashuka.

"Sijawahi kushuka, baba. Mimi nawasimulia hadithi wanapotoka."

Mzee akamshika mkono, akaugeuza, akazitazama kucha; hazikuwa na udongo wa shimoni. Akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalegea.

"Regina," akaita, "mletee huyu kiti cha kuegemea."