Bomba Lisilotoa Maji

Amongi alikuwa mpika waragi, ile pombe kali ya muhogo. Kijiji kizima kilijua, na nusu ya kijiji walikuwa wateja wake. Mume alikwisha kufariki. Mtambo wake ulikuwa nyuma ya nyumba, na huo ndio uliomvalisha binti yake Awor sare ya shule.

Shule yenyewe ilikuwa aibu tupu. Kuta za udongo, paa la nyasi, mvua ikinyesha watoto wanarudishwa nyumbani. Halafu likaja shirika moja la misaada. Likajenga madarasa manne ya matofali na kuyaezeka mabati. Siku ya kukabidhi watu walicheza mpaka vumbi likatimka. Wageni wakala nyama ya mbuzi, wakapewa kuku, wakapanda gari wakaenda zao.

Juu ya paa waliacha chuma chenye ncha. Kutoka pale bomba jembamba la shaba lilishuka ukutani mpaka ardhini. Hakuna aliyeambiwa ni la nini, na hakuna aliyeuliza. Ukipewa ng'ombe, utauliza mkia ni wa kazi gani?

Mwezi wa tatu bomba la mtambo wa Amongi likatoboka. Mvuke ukawa unapotea bure.

"Okwir," alimwita jirani yake, seremala. "Lile bomba la shuleni lina kazi gani?"

"Maji halitoi, moshi halitoi," Okwir akacheka. "Urembo tu huo, Mama Awor. Wageni wanapenda urembo."

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Amongi alikwenda na msumeno. Akakata kipande kirefu kuliko mtu, akakifunga kwenye mtambo wake. Jioni Okwir ndiye aliyeonjeshwa glasi ya kwanza.

"Haa! Leo umepika, mama!" alisema, akaomba nyingine.

Mvua zilianza Aprili. Jumanne moja, saa nane mchana, wingu zito lilitanda juu ya shule. Watoto walikuwa darasani. Ulisikika mlio mmoja tu.

Radi iliua watoto watatu. Mmoja alikuwa Angom, binti wa Okwir, umri wa miaka tisa. Alikuwa amekaa karibu na ukuta. Awor alitoka hai, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Okwir aliyatengeneza majeneza yote matatu kwa mikono yake. La Angom alilipima mara mbili, maana hakuamini kwamba ni fupi vile.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza. Mzee Ogwal alikuwa amekataa kuipa shule kipande cha shamba lake. Vijana wakasema ndiye aliyetuma radi. Wakaanza kukusanya nyasi kavu za kuchomea nyumba yake.

Siku ya nne shirika lilimtuma Fundi Ayugi, mwanamke wa wilaya ile ile, anayesema lugha yao. Aliizunguka shule yote. Nyuma ya darasa la tatu akachuchumaa, akashika kisiki cha bomba. Kisha akawaita watu wote uwanjani.

"Radi haitumwi na mtu," alisema. "Inashuka kutoka mawinguni ikitafuta ardhi. Hicho chuma cha juu kinaipokea. Bomba linaipeleka chini, basi, yamekwisha. Bomba likikatwa, radi inakosa njia. Inaruka ukutani, inawapata watoto."

Amongi akamvuta Awor karibu naye.

"Nani amelikata?" Ayugi aliuliza.

"Ogwal!" vijana wakapiga kelele. "Kumbe alitumia msumeno!"

Mzee wa watu alikaa chini, kofia mkononi. Wawili walikwisha kumshika shati.

Angenyamaza Amongi, nani angejua? Ogwal angeungua, na mambo yangekwisha hapo. Akamtazama Awor, aliyegeuza kichwa ili asikie kwa sikio lililobaki.

"Mwacheni!" Amongi alisema. "Ningojeni."

Alikwenda nyumbani mbio. Akarudi na bomba, limepindwa, linanuka pombe. Akaliweka miguuni pa Okwir.

"Ni mimi. Sikujua, lakini ni mimi."

Okwir aliinua mkono. Watu walidhani atampiga. Mkono ukamwangukia mwenyewe kichwani.

"Mimi ndiye niliyesema ni urembo," alisema. "Na nikanywa."

"Na sisi tulikula nyama yenu," Ayugi akasema. "Tukaondoka bila kuwaeleza. Kuuliza si ujinga, ndugu zangu, lakini kueleza ilikuwa kazi yetu."

Koo zilikaa kuamua fidia. Ng'ombe wawili wa Amongi walikwenda, na mbuzi wote. Mtambo aliuvunja mwenyewe. Mwaka ule alilima mashamba ya watu, na siku nyingine yeye na Awor walilala njaa.

Ayugi alifunga bomba jipya na kuifukia ncha yake chini sana. Akawafundisha watoto na wazazi: "Ukisikia ngurumo, ingia kwenye nyumba yenye kinga. Usisimame chini ya mti. Usiegemee ukuta wala usishike chuma. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho." Tangu hapo, msaada wowote ukija, kamati inauliza kwanza: hiki ni cha nini, na nani atakitunza?

Kulitunza bomba alipewa Amongi. Kila Jumapili alilikagua. Okwir alilizungushia mbao ili lisiguswe. Lakini yeye na Amongi hawakusemeshana.

Septemba radi ilipiga tena palepale. Ardhi ilitikisika. Wazazi walikimbia shuleni wakilia. Mvua ilipokatika, watoto wakatoka wote, hata mmoja hakuumia.

Amongi alikwenda nyuma ya darasa la tatu. Okwir alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa akipapasa mbao zake, macho mekundu.

"Msumari huu umelegea," alisema bila kumtazama. "Kalete nyundo, Mama Awor."

Hakuwa amemwita hivyo tangu walipomzika Angom. Amongi akakimbia kuileta.