Malambo Yamejaa

Stendi ya Bariadi siku ya gulio haina adabu. Makonda wanaita, mizigo inapita juu ya vichwa, na ndipo Kwandu, na sketi yake nyekundu na raba nyeupe, alipojikwaa kwenye baiskeli iliyoegeshwa mbele ya duka la spea. Boksi likamponyoka. Ndaki, mwenye duka, akalidaka.

"Pole, mrembo. Umebeba nini, dhahabu?"

"Kipima mvua."

"Kumbe mvua nayo inapimwa kama sukari! Basi nipimie na mimi."

"Wewe upimwe akili kwanza," Kwandu alimjibu, akacheka. Yakaanzia hapo.

Kwandu alikuwa mtaalamu wa maji. Aliingiza kwenye kompyuta mvua iliyonyesha vilimani, mteremko na aina ya udongo, kompyuta ikamwambia maji yatafika mtoni kwa wingi gani na saa ngapi, ili watu waonywe mapema. Ndaki hakuelewa yote, ila sauti ile aliipenda. Na mama yake, Nyanjige, aliishi Ngulyati kando ya mto, yeye na ng'ombe wake.

Mvua za kwanza zilipopiga, simu ya Ndaki ikaita.

"Mpenzi, maji yanashuka. Mhamishe mama!"

Ndaki alifunga duka, akaswaga ng'ombe wote hadi kilimani, akawaita na majirani. Mto haukufika hata magotini. Kijiji kizima kikacheka, wakambatiza Bwana Gharika.

"Umenidhalilisha mbele ya mama yangu!" alifoka kwenye simu.

"Ndaki, nisikilize..."

"Kachezee kompyuta yako huko!" Akakata. Mwanaume mzima na ndevu zake, kununa kwa kuchekwa!

Kwandu alilia, kisha akafuta machozi, akakodi bodaboda mpaka vilimani, juu ya Ngulyati. Huko akajionea. Wafugaji walikuwa wamechimba malambo mapya ya kunyweshea mifugo, na kompyuta yake haikuwa na habari nayo. Ndiyo yaliyomeza mvua ya kwanza. Sasa yalikuwa yamejaa pomoni. Mvua ijayo isingekuwa na pa kukaa, ingeshuka yote kwa Nyanjige.

Siku chache baadaye mbingu ikafunga tangu asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji alipigiwa, akatangaza, watu wakacheka tena. Simu ya Nyanjige haikupatikana. Ya Ndaki iliita bila kupokelewa. Kwandu akakimbia hadi stendi, sketi imelowa, raba zimejaa tope.

"Nichukie baadaye," alisema huku akihema. "Nilikosea, malambo sikuyahesabu. Leo yamejaa. Maji yanakwenda kwa mama, Ndaki. Nakuomba, mpenzi wangu."

Ndaki alimtazama usoni. Aliwasha pikipiki.

"Panda."

Nyanjige aliwapokea mkono kiunoni. "Mmeniletea tena gharika yenu?" Kisha akamwona binti anavyotetemeka, akageuka, akafungua zizi. Majirani walipomwona yeye anaondoka, wakabeba watoto, wakafuata.

Walikuwa kilimani mto ulipovunja kingo. Ulibeba zizi, ukabeba jiko, ukabeba migomba yote. Watu hakuna aliyeguswa. Waliocheka sasa walikuwa wanamshika Kwandu mkono, mmoja baada ya mwingine.

"Nisamehe," Ndaki alisema. "Asante, mpenzi. Sina neno jingine, asante."

"Sema utapokea simu."

"Hata ukinipigia kuniambia manyunyu."

Nyanjige alikuja polepole, akamkumbatia Kwandu, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu. Wabeja gete." Alilia bila kujificha. Halafu akamgeukia mwanawe. "Ndaki, ng'ombe hawa saa hizi wangekuwa wanaelea kwenda ziwani. Chagua walio wazuri, uwaswage mpaka kwa baba yake huyu binti."

"Baba yuko Dutwa, mayu," Kwandu alimwambia mama huyo, analia na kucheka kwa pamoja. "Nimpigie simu?"

"Mpigie," Ndaki akadakia. "Mwambie tunashuka na ng'ombe, na yeye asicheke."