Reli Iliyoitika

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia jukwaa la stesheni. Treni haikuwa imesimama pale kwa miaka ishirini, lakini Babu alishikilia kwamba stesheni ni stesheni, na jukwaa chafu ni aibu kwa wanaoishi hapo. Wanaoishi hapo tulikuwa watatu: Babu, Mama na mimi. Tulilala katika chumba cha mkuu wa stesheni, na Mama alishonea nguo katika ofisi ya tiketi. Wateja walimpitishia vitambaa kwenye kidirisha, na hakukosekana wa kumtania, "Nikatie ya kwenda na kurudi." Mama alikuwa ameusikia mzaha huo mara elfu. Alitabasamu kwa heshima tu, huku miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani.

Zamani Babu alikuwa mnyapara wa kikosi kilichotunza njia ya reli. Alitembea kutoka nguzo moja ya namba kando ya njia hadi nyingine akiigonga reli kwa nyundo ndogo yenye mpini mrefu, kisha akatega sikio. Reli nzima hutoa mlio mrefu. Yenye ufa hutoa mlio mfupi, mzito, halafu kimya. Babu na wenzake hawakusema reli ni nzima au ni mbovu. Walisema imeitika, au haikuitika, kama mtoto aliyeitwa na mzazi wake. Neno hilo lilikuwa lao, na nyumbani kwetu tulilitumia hata kwa redio iliyokataa kuwaka.

Kisha akaja Bwana Ramani. Jina hilo tulimpa sisi watoto, kwa kuwa hakuonekana bila ramani kubwa aliyoikunja na kuibana kwapani. Alisema kampuni yake ingeifufua njia ya reli, na kabla ya mwaka kwisha treni ingepita tena. Wagonjwa wangefika hospitali kwa saa moja badala ya siku nzima. Ila kwanza, kila anayeishi katika nyumba za reli na kila anayelima kando ya njia atie saini kukubali kuhama ndani ya siku thelathini.

"Tuhamie wapi?" Mama alimuuliza.

"Kampuni italiangalia hilo, mama."

Mama alimuuliza tena siku ya pili, akapewa jibu lile lile. Jioni, tulipokuwa tunakula, alimwambia Babu, "Mimi nimechoka kuuliza peke yangu, Baba. Watu wote wanakutazama wewe, kwa kuwa wewe ndiye mtu wa reli. Ukitia saini, wote watatia."

Babu alikuwa akiitamani treni ile kuliko mtu yeyote. Hata hivyo alitikisa kichwa. "Sitii saini kabla sijajua hali ya njia. Na goti hili halinifikishi hata nguzo ya pili." Akanigeukia. "Karani, utaitembea wewe kwa niaba yangu."

Aliniita Karani kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Alinipa nyundo na daftari, akanifundisha kugonga na kusikiliza. Nguzo zilikuwa kumi na mbili, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa robo saa. Tulikubaliana niende Jumamosi nne, kila Jumamosi nguzo tatu.

Jumamosi tatu za mwanzo nilifanya kazi sawasawa. Reli nyingi ziliitika. Nguzo ya nne haikuitika, nikaandika: *haikuitika, ufa karibu na kiungo*. Nilifika mpaka nguzo ya tisa. Mbele yake njia ilikata kona na kuingia kichakani, nikageuza.

Jumamosi ya nne niliamka nikiwa hoi. Nilikuwa nimeteka maji, nimefua sare, nimemsaidia Mama kufumua suruali sita za mteja mmoja aliyenenepa. Jua lilikuwa kali na nyundo ilizidi uzito kila hatua. Nilipofika nguzo ya sita nikakaa chini. Nikajiambia, tisa nimeshazigonga, na nane zimeitika. Hizi tatu zilizobaki zitakosaje? Nikafungua daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Nguzo ya kumi: imeitika. Nguzo ya kumi na moja: imeitika. Nguzo ya kumi na mbili: imeitika, safi kabisa.* Kisha nikakaa mpaka kivuli kikahama, ili nisirudi mapema mno nikashukiwa.

Babu alitaka nimsomee daftari lote mara mbili, huku amefumba macho. "Safi kabisa," alirudia polepole. Niliona haya, lakini nilikuwa nimechoka hata kuona haya, nikaenda kulala.

Siku iliyofuata Bwana Ramani aliliomba lile daftari kwa siku moja tu, awaonyeshe wahandisi wake. Babu akampa kwa fahari. Alilirudisha baada ya siku tatu.

Alhamisi alasiri watu walikusanyika katika darasa letu. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagonga videvu. Mwenyekiti wa kijiji alikaa mbele, na pembeni yake Bwana Ramani akaweka fomu za saini na rundo la karatasi zinazong'aa zilizoandikwa *Ripoti ya Wahandisi*.

"Wahandisi wangu wametembea njia nzima kwa mitambo ya kisasa," alisema. "Hamna haja ya kuniamini mimi. Aminini ripoti."

Mwenyekiti hakuwa na miwani yake. "Mjukuu wa mnyapara ana sauti nzuri," alisema. "Atusomee."

Nilisimama nikasoma. "Nguzo ya kwanza: imeitika. Nguzo ya pili: imeitika." Babu aliinua kichwa. Nilipofika ya nne nikasoma, "Haikuitika, ufa karibu na kiungo," nikashtuka. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Bwana Ramani hakubadilisha hata nukta.

Babu hakushtuka. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Umesikia?" alimnong'oneza Mama. "Hata wahandisi wanasema kama sisi." Akanyoosha mkono, akachukua kalamu na fomu. Nyuma yake watu watatu wakasimama kupanga foleni. Mama alikuwa mmoja wao, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubisha.

Niliendelea kusoma hadi ya tisa, kisha nikaishusha ripoti. Babu alikuwa ameshashusha kalamu kwenye karatasi. Nikinyamaza, siku thelathini tu na stesheni si yetu tena. Nikisema, Babu atajua kwamba nilimdanganya, tena mbele za watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Babu," nilisema, "usitie saini. Nguzo ya kumi sikufika. Wala ya kumi na moja, wala ya kumi na mbili. Nilichoka, nikaandika tu. Na haya yaliyo kwenye ripoti ndiyo niliyoyaandika mimi."

Babu alinitazama, nami sikuweza kumtazama.

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Alikuwa muuza maziwa, ambaye hutoka mashamba ya mbali na baiskeli yake kila asubuhi. "Mimi napita huko kila siku," alisema. "Ukishapita ile kona baada ya nguzo ya tisa, hakuna reli. Ziling'olewa miaka mingi iliyopita. Ni majani matupu."

"Mbona hukusema?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakuna aliyeniuliza. Na nilidhani wahandisi wenye mitambo wameshaona."

Bwana Ramani alijifuta jasho. "Kuna makosa madogo ya uchapaji. Hayo yatarekebishwa."

Babu aliweka kalamu chini. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kuchoka. "Mwanangu, hebu nieleze. Reli ikiitika, inafanya nini?"

"Ni... ni neno la kiufundi, mzee. Maana yake mitambo imethibitisha."

"Neno hilo tulilianzisha sisi kwenye kikosi chetu, watu tisa, na wanane wameshazikwa. Sijaliona kwenye kitabu chochote cha reli. Wahandisi wako walilipata wapi?"

Mwenyekiti alizikusanya zile fomu na kumrudishia. "Walete wahandisi wenyewe," alisema. "Watatembea na muuza maziwa mpaka mwisho wa njia. Na uje na jibu la huyu mama, watu watahamia wapi. Saini baadaye." Bwana Ramani akaibana ramani yake kwapani, akaahidi kurudi wiki ile ile. Hakurudi wiki hiyo wala nyingine, na alichokitaka kwenye ardhi yetu hatukukijua kamwe.

Tuliporudi nyumbani, Babu alikwenda moja kwa moja kukaa kitandani kwake. Mama naye alikaa kwenye cherehani bila kushona. "Leo tutalala kwetu," alisema mwishowe, lakini hata yeye hakufurahi kama nilivyotarajia. Nilimpelekea Babu maji ya kukandia goti, nikasema, "Nisamehe, Babu." Akaitikia kwa kichwa tu.

Jumamosi aliniamsha mapema. Muuza maziwa alikuwa anangoja nje, na Babu akapakiwa nyuma ya baiskeli kama debe la maziwa. Mimi nilitembea na nyundo. Baada ya nguzo ya tisa tulikata kona, na kweli, palikuwa na majani yaliyofika kiunoni. Babu alishuka, akachechemea hadi nguzo ya kumi, akayapapasa majani kwa fimbo yake. Hakugusa chuma. Akakaa chini taratibu, na nikaona kwamba aliyekuwa akiingoja treni miaka ishirini alikuwa ameacha kuingoja.

"Karani, kaa," alisema. "Kuchoka si kosa. Mimi pia nimechoka. Ukichoka, njoo uniambie, tutakwenda siku nyingine. Kosa ni kuandika ulichotamani kusikia. Na mimi nilikosa. Niliisikia ripoti ile, nikataka iwe kweli, nikachukua kalamu bila kuuliza. Pale darasani ulinivunja moyo, sikufichi. Lakini ulisema huku unaogopa, na kwa hilo tuna pa kulala. Kuanzia leo, andika ulichokifikia tu."

"Ndiyo, Babu."

"Haya. Zimebaki mbili."

Goti halikumruhusu kuendelea, na muuza maziwa alikuwa amekwenda kwa wateja wake, arudi kumchukua baadaye. Nilikwenda peke yangu. Hakuna aliyeniona, na kivuli kilikuwa kingi njiani. Sikukaa. Katika nguzo ya kumi na moja niliandika: *hakuna reli*. Nguzo ya kumi na mbili ilikuwa imelala chini, imefunikwa na udongo, nikaufuta kwa viganja mpaka namba ikaonekana. Nikaandika: *hakuna reli, nguzo imeanguka*.

Niliporudi karibu na nguzo ya kumi nilisikia Babu akiita, "Karani! Umefika?"

"Abee, Babu," niliitika. "Nimefika."