Vidole vya Lukman

Kila Jumamosi Hafidha hufagia uwanja, huchota maji, kisha hukaanga korosho ambazo mama yake huuza sokoni Ruangwa. Hukaangia nje, juu ya bati, kwa kuwa maganda yana mafuta makali yanayowaka na kuruka. Mtoto mdogo hatakiwi kusogea pale, na Hafidha, mwenye miaka kumi na mitatu, alilijua hilo vizuri.

Jumamosi moja mama alikwenda shambani Likunja. Aliwaacha Hafidha, mdogo wake Lukman na simu ya nyumbani. Hafidha alimwaga korosho kwenye bati, akafungua video moja tu. Moja tu! Nani aliwahi kuishia kwenye moja? Alipoinua macho, bati lilikuwa likiwaka na Lukman alikuwa akipiga mayowe, mkono umeungua kwa mafuta ya maganda.

Hospitalini, nesi Makrina aliufunga mkono ule. “Kidonda kitapona,” alisema. “Ila vidole vinyooshwe asubuhi na jioni. Msiponyoosha, vitajikunja na kubaki hivyo.”

Mama alikuwa na shamba la kupalilia, hivyo kazi ile akampa Hafidha. Hafidha aliapa kwa machozi kwamba ataifanya. Lakini kila alipogusa vidole, Lukman alilia, na kila Lukman alipolia, Hafidha alimwacha akashika simu.

Waliporudi hospitalini, kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja.

“Nani anamnyoosha vidole?” nesi aliuliza.

“Mimi,” Hafidha alijibu kwa aibu. “Akilia nachukua simu. Hata siamui, nesi. Mkono unaenda wenyewe.”

“Akilia, unasikia nini mwilini?”

“Kifua kinabana.”

“Basi ndicho unachokikimbia. Leo mkono ukienda kwenye simu, usimamishe. Vuta pumzi polepole, uisikilize ikiingia, uisikilize ikitoka. Kifua kikibana, kiache kibane. Kitaachia. Kisha mrudie mdogo wako.”

Jioni hiyo Lukman alilia, na mkono wa Hafidha ukaifuata simu. Akausimamisha. Akavuta pumzi. Majuto yalimjia, na harufu ya maganda yale, akatamani kuinuka akimbie. Akaendelea kupumua.

“Dada, unafanya nini?”

“Napumua.”

“Na mimi.”

Wakapumua pamoja, kisha Hafidha akamnyoosha vidole. Siku nyingine simu ilimshinda, lakini kesho yake alianza upya.

Baada ya miezi kadhaa, waliporudi hospitalini na mama, vidole vilikuwa vimenyooka, isipokuwa kile cha mwisho.

“Na hiki?” Lukman aliuliza.

“Hicho tulichelewa, baba,” nesi alisema taratibu. Akamgeukia Hafidha. “Simu itakuita kila siku, mwanangu. Ukisimama kidogo ukajisikiliza, utaamua wewe. Usiposimama, anaumia aliye karibu yako.”

Nje, mama alimpa Hafidha simu ambebee.

“Kaa nayo, mama,” Hafidha alisema. “Nimemshika Lukman.”