Mzee Harlan Ahamisha Kuni

Huku kwetu Sawtell, mtu hupimwa kwa kuni zake. Ukitaka kujua kama mtu ni mvivu au mchapakazi, usimuulize lolote. Pita nyumbani kwake mwezi wa tano uangalie kuni. Majira ya baridi ya milima hii ya Oregon, Marekani, ni marefu. Theluji hufika magotini, na jiko la kuni ndilo linalotuweka hai. Kwa hiyo theluji ikiyeyuka tu, mashoka yanaanza kazi, ili jua la kiangazi likaushe kuni.

Hakuna aliyemshinda Harlan Tollefsen kwa kuni. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, mbishi kuliko punda. Kuni zake alizipanga barazani na kando ya ukuta wa jikoni, safu juu ya safu, zimebanana hata kisu hakipiti. Watu walisimamisha magari barabarani wakazitazama. Harlan alijifanya hawaoni. Alikuwa anawaona wote.

Aliziweka pale kwa ajili ya mkewe, Opal. Nyonga ya Opal ilikuwa mbovu, na barafuni hakuweza kutembea. Kukiwa na baridi, alifungua mlango wa jikoni, akanyoosha mkono, akachukua gogo, akafunga mlango. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao. Harlan aliijenga kwa mikono yake mwaka waliooana, na watoto wao walikulia humo. Hawakuwa na nyumba nyingine, wala hawakutaka nyingine.

Siku moja mwezi wa sita, gari jekundu liliingia uani. Akashuka Marisela Quiroga, kapteni wa zimamoto yetu. Kituo chetu ni kidogo, na wazimamoto wengi ni majirani wanaojitolea. Yuko mwalimu, yuko fundi magari, wako wafugaji. Marisela mwenyewe huendesha basi la shule. Kila mwaka, kabla kiangazi hakijashika kasi, hupita nyumba kwa nyumba kuwasaidia watu kujiandaa kwa moto wa msituni.

"Karibu kahawa, Marisela," Opal aliita kutoka dirishani.

"Asante, mama. Nitakunywa nikishamaliza kumkasirisha mumeo."

"Umechelewa," Harlan alisema. "Nimekasirika tangu nilipoliona gari lako."

Marisela alicheka. Akazunguka nyumba polepole, Harlan nyuma yake, mikono mfukoni. Aliangalia paa. Aliangalia miti. Mwisho akasimama mbele ya kuni.

"Mzee Harlan, nyumba inaunguaje moto wa msituni ukija?"

"Swali gani hilo? Moto unakuja, unafika, unachoma."

"Mara nyingi siyo hivyo. Kinachochoma nyumba ni cheche. Upepo unabeba vipande vya makaa, vinaruka mbali mbele ya moto wenyewe. Moto unaweza kuwa bado uko kule mlimani, na cheche ziko hapa barazani zinatafuta kitu kikavu." Akagonga gogo moja kwa kidole. "Kama hiki."

"Hizo ni kuni za baridi!"

"Cheche haijui hilo. Itaingia katikati ya magogo, itakaa, itawaka. Kuni zikiwaka, ukuta unawaka. Ukuta ukiwaka, nyumba imekwenda."

"Miaka yote hii moto haujawahi kufika hapa."

"Miaka hiyo theluji ilikaa mpaka mwezi wa tano. Siku hizi inaondoka mapema na nyasi zinakauka mapema. Umeliona mwenyewe, huhitaji kuambiwa na mimi."

Harlan alitupia jicho dirisha la jikoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili Opal asisikie, "Na mke wangu je? Unataka atembee kwenye barafu kufuata kuni?"

Hapo Marisela akaelewa. Akaacha utani.

"Hapana, mzee. Kiangazi chote, kuni zikae kule ng'ambo ya njia ya gari, mbali na ukuta. Mvua za vuli zikianza, zirudishe mlangoni. Opal hatakanyaga barafu hata siku moja."

"Nizihamishe mara mbili kila mwaka? Unaujua umri wangu wewe?"

"Naujua. Nitaleta vijana wa kituo."

"Vijana wako waguse kuni zangu? Thubutu!"

Harlan alikubali jambo moja tu. Nyasi ndefu zilizozunguka nyumba atazikata. Kuni haziguswi.

Basi mwezi wa saba, siku ya jua kali, baada ya chakula cha mchana, Harlan akawasha mashine ya kukatia nyasi. Nyasi zilikuwa zimekauka kama karatasi. Alikata mstari mmoja, akakata wa pili. Kwenye wa tatu, kisu cha mashine kikagonga jiwe. Cheche ikaruka.

Mwanzoni moshi ulikuwa mdogo, wa kukanyagwa na buti. Harlan akakanyaga. Ukatokea nyuma yake. Akakanyaga na huo. Upepo ukaja, na moto ukaanza kukimbia kuelekea nyumba.

"Opal! Piga simu!"

Opal alipiga simu. Kisha, nyonga mbovu na yote, akatoka na ndoo ya maji. Kipande cha nyasi kinachowaka kiliruka juu ya kichwa chake, kikatua kwenye kuni za ukutani. Gome likaanza kutoa moshi. Opal akamwaga ndoo yote pale. Akarudi ndani akichechemea kujaza nyingine.

Gari la zimamoto lilikuja haraka, lakini liliishia njiani. Matawi ya misonobari yalikuwa yameinama chini, gari halikuweza kupita. Wazimamoto walivuta mpira wa maji kwa mikono, wanakimbia, wanahema. Waliuzima moto ukiwa hatua chache kutoka barazani.

Harlan alikaa chini, uso mweusi kwa masizi. Hakuogopa moto. Aliogopa alipomwona Opal na ndoo yake karibu na zile kuni.

"Nilikuwa naiandaa nyumba kwa ajili ya moto," alisema.

"Na moto ukauleta mwenyewe," Opal alijibu.

Wazimamoto walijikaza wasicheke, wakashindwa. Harlan naye mwisho akacheka, lakini kwa shida.

"Wazo lilikuwa zuri," Marisela alisema. "Saa ndiyo mbaya. Nyasi zikate asubuhi na mapema, umande ukiwa bado upo. Mchana wa jua kali, usiwashe mashine kabisa. Na ndoo ya maji iwe karibu kila wakati."

Walipoondoka, Opal alikaa karibu na mumewe.

"Harlan, kuni hizi unaniwekea mimi. Najua, na nakupenda kwa hilo. Lakini mimi nataka nyumba kwanza. Leo nimeona moshi kwenye ukuta wangu."

Harlan alijipangusa masizi usoni. Aliinuka, akachukua gogo la kwanza, akalibeba mpaka ng'ambo ya njia. Akarudi kuchukua la pili. Jua lilipozama alikuwa bado anabeba.

Jumamosi vijana wa Marisela walikuja, na majirani kadhaa pamoja nao. Walijipanga mstari, wakapokezana magogo mkono kwa mkono. Harlan alisimama mwisho wa mstari akifoka kama kocha.

"Gome juu! Gome juu, nimesema! Nani amekufundisha kupanga kuni wewe?"

Baada ya kuni, walipanda juu ya paa. Mifereji ya paa ilikuwa imejaa majani makavu ya misonobari, wakaisafisha yote. Matundu ya hewa chini ya paa wakayafunika kwa wavu wa waya wenye vitundu vidogo, hewa ipite, cheche isipite. Waling'oa vichaka vilivyogusa kuta. Kuzunguka nyumba wakamwaga changarawe, upana wa hatua mbili, pasiwe na chochote cha kuungua. Matawi ya chini ya miti wakayakata, na njia ikapanuliwa mpaka gari kubwa likaweza kuingia na kugeuka. Getini wakapigilia namba ya nyumba inayong'aa ikimulikwa na taa, maana kwenye moshi mzimamoto haoni mbali.

Jirani yao, Lyle Bascom, aliegemea ua akitazama.

"Harlan! Umeinyoa nyumba kipara!"

"Njoo nikunyoe na wewe!"

"Mimi nywele zangu nazipenda!" Lyle alijibu, akaenda zake kunywa bia.

Likabaki jambo moja, nalo lilikuwa gumu kuliko kuni.

"Moto ukija, mimi siondoki," Harlan alimwambia Marisela. "Nitakaa hapa na mpira wangu wa maji."

"Maji yako yanatoka wapi?"

"Kisimani."

"Na pampu ya kisima inaendeshwa na nini?"

"Umeme."

"Moto ukija, umeme unakatika. Utabaki umeshika mpira mkavu. Halafu mimi itabidi niwatoe watu kwenye kazi ya kuzima moto, waje kukutafuta wewe kwenye moshi. Watoto wa watu, mzee. Wengine nilikuwa nawapeleka shule kwa basi langu juzi tu hapa." Akamshika bega. "Kazi yote tuliyofanya ni ili nyumba ijitetee yenyewe. Umeshaipigania. Neno likija, ondoka. Opal anatembea polepole, kwa hiyo nyinyi ondokeni kabla ya wengine."

Harlan aligeuka, akaangalia milima. "Haya," alisema.

Wiki hiyo hiyo Opal alipanga begi. Alitia dawa zake, miwani ya akiba, vyeti vya nyumba, chaja ya simu na nguo za kubadilisha. Akaliweka karibu na mlango, likakaa hapo.

Mwezi wa nane, radi kavu ilipiga mlima wa magharibi. Hakukuwa na mvua. Kufikia adhuhuri moshi ulikuwa umefunika nusu ya anga, na simu zikaanza kulia bonde zima. Ujumbe ulisema watu wakae tayari kuondoka. Harlan hakusubiri ujumbe wa pili. Alifunga madirisha yote. Aliingiza ndani viti vya barazani na mito yake. Aliacha taa zinawaka, nyumba ionekane kwenye moshi. Akampakia Opal, begi na mbwa wao, na geti akaliacha wazi kabisa, gari la zimamoto lisipate kizuizi.

Getini alisimamisha gari. Akageuka kuitazama nyumba.

"Endesha, Harlan," Opal alisema. Alikuwa analia.

Walilala kwenye ukumbi wa shule mjini pamoja na nusu ya bonde. Harlan hakula. Alikaa kwenye kitanda cha turubai, kofia mkononi, akitazama mlango. Lyle alifika jioni, amechelewa, nyusi zimeungua. Hakuwa na utani.

Siku ya tatu barabara ilifunguliwa. Marisela aliwaongoza kwa gari lake. Kulia kulikuwa kweusi, kushoto kulikuwa kweusi. Miti ilisimama kama nguzo za mkaa. Harlan aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ameshika mkono wa Opal. Kila kona walidhani hii ndiyo itakayowaonyesha majivu.

Wakapinda kona ya mwisho.

Nyumba ilikuwa imesimama. Paa, kuta, madirisha, kila kitu. Ardhi nyeusi ilifika kwenye changarawe, ikaishia hapo. Barazani kulikuwa na alama ndogo nyeusi nyingi sana, kila moja ni cheche iliyoanguka, ikatafuta, ikakosa, ikafa.

Ng'ambo ya njia, palipokuwa na kuni, palikuwa na jivu. Kazi ya mwaka mzima. Hakikubaki hata kijiti.

Harlan alishuka. Akalitazama lile jivu jeupe, refu, lenye umbo la safu zake. Akautazama ukuta wa jikoni. Akalitazama jivu tena. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Akavua kofia, akapiga kelele ya furaha iliyomfanya mbwa abweke, na yule mzee mbishi akamnyanyua Opal kutoka kwenye gari, nyonga mbovu na yote, akamzungusha.

"Zimeungua!" alipiga kelele. "Zimeungua zote, Opal!"

"Niteremshe, mjinga wewe!" Opal alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Hatukukaa hapa hata nusu saa," Marisela alisema. "Gari liliingia, likageuka, tukaona nyumba inajitetea. Basi maji yetu yote tukayapeleka kwa Lyle. Paa lake lilikuwa limeshashika moto. Tungekwama hapa kwenu, tusingeliwahi."

Lyle alikuwa ameshafika getini, akasikia. Lori lake dogo lilikuwa limejaa kuni, zile chache zilizosalimika kwake. Alikuwa amekuja kuwagawia. Alishuka kwenye lori. Harlan alimtazama mtu huyu asiye na nyusi, kisha akamkumbatia kwa nguvu.

"Nizishushe wapi?" Lyle aliuliza. "Mlangoni?"

"Shusha hapa uone!" Harlan alisema. "Kule ng'ambo. Mvua bado."

Alfajiri ya siku iliyofuata, umande ukiwa bado kwenye ile nyasi kidogo iliyobaki, Harlan alikuwa uani kwa Lyle na reki begani, anagonga dirisha kwa nguvu.

"Amka, Lyle! Nimekuja kukunyoa!"